Anwani ya Faili Hupangwa Siku ya Kukompaili

GDB, programu ya kusaka hitilafu, haina habari msimbo wako umeuweka wapi. Inafuata anwani iliyoachwa na kompaila: taarifa za DWARF, zilizomo ndani ya programu yenyewe, hutaja jina la kila faili la msimbo na saraka ilimofanyika kazi. Programu ikihamia seva isiyo na saraka hiyo, GDB itakutajia faili na nambari ya mstari, lakini mstari wenyewe hutausoma. Ndiyo maana nashikilia kwamba saraka hupangwa siku ya kukompaili, si siku programu inapoanguka.

Wapo wanaosema amri ya directory inatosha. Tuseme anwani iliyoandikwa ni /kazi/malipo-2.1/lib/risiti.c, nawe ukaielekeza GDB kwenye /mnt/chanzo. Itajaribu anwani ya asili, kisha itaibandika yote nyuma ya /mnt/chanzo, na mwisho itatafuta /mnt/chanzo/risiti.c. Haishuki kwenye saraka za ndani, hivyo faili lililopo /mnt/chanzo/malipo-2.1/lib litapitwa. Hatua ya mwisho ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu inatazama jina tupu. Mradi wenye util.c mbili, moja ya mtandao na moja ya hifadhidata, unaweza kukufungulia ile isiyohusika, ukakesha ukichunguza msimbo usio na kosa. Afadhali set substitute-path, inayobadili mwanzo wa anwani tu. Nayo huhitaji mpangilio wa ndani uwe haujaguswa.

Fedora, mfumo wa Linux, wamelimaliza jambo hili mapema. Programu ikishakompailiwa, zana ya debugedit huandika upya anwani zianzie /usr/src/debug, chini ya saraka yenye jina na toleo la kifurushi, na msimbo husambazwa ukae papo hapo. Matoleo mawili hayagongani. Asiyetumia vifurushi vyao anayo -ffile-prefix-map, chaguo la kompaila la kubadili mwanzo wa anwani, lililokuja na GCC 8 mwaka 2018.

Je, debuginfod, inayoleta msimbo kutoka seva, haijafuta haja hii? Hapana. Ombi lake hubeba kitambulisho cha programu pamoja na anwani kamili ya faili. Kwa hiyo wanaobadilisha mwanzo wa anwani kuwa nukta tupu huficha saraka zao za nyumbani, jambo jema, ila huinyima debuginfod anwani ya kuombea. Mimi ningeweka mzizi kamili usiobadilika, wenye toleo ndani yake.