Kosta Inapogeuka Nyumba

Basi lililozeekea Dodoma lina bahati ambayo la Tanga au Dar es Salaam halina: halijapumua chumvi. Pwani kutu huanzia ndani, kwenye mikunjo ya bati isiyoonekana, na siku rangi inapovimba nje, ndani kumeshabaki unga. Huku uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ni ya Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo mpaka mwaka unakaribia kuisha. Rangi inapauka, mipira ya madirisha inakauka na kupasuka, viti vinachanika, lakini chuma kinabaki chuma. Kwa hiyo mtu akiniuliza atafute wapi kosta kuukuu ya shule ili aigeuze nyumba ya safari, namwambia aje huku. Mji umetanuka tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza pale Chimwaga mwaka 2007, ukatanuka zaidi serikali ilipohamia, na shule za binafsi zimewafuata watu pamoja na mabasi yao ya njano. Mabasi hayo nayo yanachoka. Mengi yanaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na hilo linaniuma, maana nimeona kile mikono ya fundi inachoweza kulifanyia gari la namna hiyo.

Kosta ndefu ya Toyota ina urefu wa karibu mita 7 na upana wa mita 2 na kidogo. Ya kutafuta ni yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, ile ile iliyomo kwenye Land Cruiser za halmashauri na za hospitali za misheni. Fundi wa kuifungua hakosekani, uwe Mpwapwa au Kibaya. Tena gari limezoea mzigo. Abiria 29, ukiwakadiria kilo 65 kila mmoja, ni karibu kilo 1,900. Kitanda, jiko, makabati, betri na lita 100 za maji havifiki huko, ila kama seremala atajenga makabati ya sebuleni kwa mbao nene za mninga, gari litalala upande mmoja na springi zitalalamika. Fundi mwenye kujali huanza na daftari kabla ya msumeno. Maji ni kilo 100, yakae katikati ya ekseli mbili. Jiko likiwa kulia, betri zikae kushoto. Mtungi wa gesi uwe kwenye kisanduku chake chenye tundu chini, usawa wa sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini.

Kazi inaanza kwa kubomoa, na hapo ndipo subira ya mtu hujulikana. Bolti za viti zimekaa miaka mingi zikikanyagwa na kumwagiwa. Hazitoki kwa hasira. Mwenye haraka anawasha grenda, anazikata vichwa, na kuacha visiki ndani ya chuma. Mwenye subira anazipaka mafuta jioni, anazigonga kidogo kwa nyundo, anaziacha zilale, na asubuhi anarudi na spana. Kila tundu linalobaki sakafuni linasuguliwa mpaka chuma king'ae, linawekewa kiraka cha bati, linachomelewa, linapakwa redoksaidi juu na chini. Ukilibandua zulia la plastiki unakuta vipande vya penseli, vifutio na karatasi za biskuti, na penye karatasi za biskuti ndipo penye kutu. Katika nchi kavu kama hii, sakafu ya basi la shule haikuharibiwa na mvua. Imeharibiwa na juisi.

Kisha anaingia seremala, na hapa ndipo ningependa kukaa.

Seremala wa nyumba akiingia humu mara ya kwanza anapotea. Pimamaji aliyoitegemea maisha yake yote haina kazi, kwa kuwa gari lenyewe halijasimama sawa na kesho litasimama mahali pengine. Hakuna kona ya nyuzi 90. Ukuta unapanda kutoka sakafuni ukiegemea nje, unafika kwenye dirisha unarudi ndani, unapinda na kuwa dari bila kukuambia umebadilika saa ngapi. Ubao ulionyooka ukiusimamisha pale unagusa sehemu mbili tu, na kwingine kote ni mwanga.

Nilimtazama mmoja akitengeneza kizigeu cha kutenga kitanda na jiko. Hakugusa plaiwudi kwanza. Alikata boksi la katoni kwa kukadiria, akalibana ukutani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kijiti chenye upana wa vidole viwili, penseli imelala ubavuni mwake. Akakitelezesha kile kijiti kwenye bati kuanzia sakafuni, polepole, bila kukiinua, na kila bati lilipopinda penseli nayo ilipinda juu ya boksi. Akakata kwenye mstari, akarudisha, akainama kutazama mwanga. Chini palikaa. Usawa wa dirisha paliachia nafasi ya kupitisha shilingi. Akachora tena pale tu, akakata tena. Boksi lilipokaa kimya ukutani ndipo alipolilaza juu ya plaiwudi na kuandika namba, kwa maana kosta imebanwa kidogo kuelekea nyuma, na kiolezo cha ubavu mmoja hakiufai wa jirani yake. Kila ubavu wa gari lile ulikuwa na boksi lake, na maboksi hayo aliyapanga nje kwa mpangilio wa mbavu zilivyo ndani.

Ukimwona hivyo unakumbuka mafundi wa majahazi, ambao nao huchonga mataruma kufuata mpindo wa chombo, taruma moja moja, na kazi yao hupimwa na mawimbi. Huku hakuna bahari, ila mtikisiko upo, na ndio unaoamua kila kiungo. Msumari haufai, utajitoa wenyewe. Skurubu peke yake italegea. Panapokutana mbao na mbao anachonga ulimi na tundu, anatia gundi, ndipo skurubu inafuata. Panapokutana mbao na chuma anatumia bolti yenye washa ya springi, na katikati anaweka utepe wa mpira, ili plaiwudi isisuguane na bati na kupiga kelele njia nzima. Kabati likikaa kwa kubanwa sana litapasuka gari litakapojipinda kwenye shimo. Chesisi hujipinda, hiyo ndiyo namna yake ya kuvumilia. Nyumba iliyomo juu yake lazima ijue kujipinda pamoja nayo bila kuachana.

Ujuzi huu haukuja na watalii. Zanzibar wamejenga kwa miaka mingi magari ya abiria yenye bodi za mbao juu ya chesisi za malori madogo, paa la mbao, pembeni wazi, abiria wanakaa kuzunguka wakitazamana. Dar es Salaam ya miaka ya 1980, usafiri wa umma ulipolemewa, watu binafsi waliingiza barabarani pickup na malori yenye mabenchi, yakaitwa chai maharage kwa vile mlikaa uso kwa uso kama mko mgahawani. Walioyatengeneza walikuwa maseremala na wachomeleaji wa mitaani. Walijua mbao inavyoshirikiana na chuma kinachokwenda, na walijua bila kuchorewa ramani. Naliona jambo hili kuwa ni urithi wa ufundi unaostahili heshima kamili, ingawa tuliyaita majina ya utani magari yale.

Mbao yenyewe inahitaji kuzoezwa hali ya hewa. Msonobari wa Mufindi ni mwepesi na bei yake inavumilika, lakini umepasuliwa kwenye nchi ya ukungu, na ukifika kwenye ukavu wa Dodoma unasinyaa na kupinda. Seremala mzuri anaupanga kivulini, vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, anausahau kwa wiki kadhaa. Mninga, ambao haubadiliki sana ukishakauka, anauweka kwa sehemu chache zinazoshikwa kila siku: ukingo wa meza, ngazi ya mlangoni, fremu ya droo.

Halafu jua. Mgogo alilimaliza suala hili zamani kwa tembe: nyumba fupi, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo juu ya boriti. Unene ule unachelewesha joto la mchana lisiingie, na usiku wa Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma, unachelewesha lisitoke. Basi ni kinyume chake kabisa. Bati la milimita moja halicheleweshi kitu, na udongo huwezi kuubeba. Kwa hiyo fundi anafanya mambo matatu. Anapaka paa rangi nyeupe. Anajaza sponji ngumu kati ya mbavu, kisha anapitisha utepe mwembamba juu ya mbavu zenyewe, maana chuma hupitisha joto hata kama pembeni kumezibwa. La tatu ni lile la Land Rover za zamani, zile zilizokuwa na paa la pili juu ya paa, hewa ikipita katikati. Paneli za sola zikinyanyuliwa sentimita chache juu ya paa hufanya kazi hiyo hiyo: zinakusanya jua na wakati huo huo zinalikinga gari. Napenda sana pale kitu kimoja kinapobeba kazi mbili bila kulazimishwa.

Umeme nitaupitia haraka, ingawa ndio unaochoma magari. Kosta nyingi za dizeli zina mfumo wa volti 24, na taa za sola za volti 12 zikiunganishwa humo hazimalizi hata dakika. Kila waya unaopita kwenye tundu la bati uvishwe mpira, la sivyo mtikisiko unaugeuza msumeno ule ukingo. Na kila waya uwe na fyuzi yake karibu na betri.

Adui mkubwa zaidi wa uwanda huu ni vumbi, naye huingia kwa mlango usioutarajia. Gari linapokwenda huacha nyuma yake utupu mdogo wa hewa, vumbi linazunguka pale na kunyonywa kupitia mlango wa nyuma. Watu hufunga madirisha yote, kumbe ndivyo wanavyolivuta zaidi. Dawa ni mpira mpya kuzunguka mlango wa nyuma, na kitundu cha hewa cha mbele juu ya paa kikiachwa wazi ili hewa safi ijae ndani na kusukuma kuelekea nje. Vumbi hilo hilo huziba vitundu vya kutolea maji chini ya reli za madirisha ya kusukuma. Mvua ya kwanza ikija, reli inajaa, maji yanaingia kitandani.

Na hapo kuna mtego wa Dodoma peke yake. Kosta iliyokamilika Mei inaweza kukaa hadi Novemba bila kuonja tone, mwenyewe akiamini haivuji. Kwa hiyo fundi inabidi ailete mvua yeye. Anapanda na mpira wa maji, anaanza chini ya madirisha na kupanda taratibu kuelekea paani, mwenzake yuko ndani na tochi na kipande cha chaki. Akianzia juu hatajua maji yameingilia wapi. Katika mji unaotegemea visima vya Mzakwe, maji ya kumwaga juu ya bati yanauma roho, na nimeona beseni zikitegwa kuzunguka gari ili yanayodondoka yakamwagiliwe miche.

Njano huondoka mwishoni. Ni haki iondoke, kwa kuwa njano ile inawaambia madereva kwamba ndani kuna watoto, na isipokuwa kweli inawazoesha kupuuza. Kadi ya gari inataja rangi na aina ya bodi, kwa hiyo mwenye gari apitie TRA kabla ya kuingia barabara kuu. Marekani, ambako njano ya mabasi ya shule ilikubaliwa kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr jijini New York mwaka 1939, kugeuza mabasi hayo kuwa nyumba kumeenea kweli. Basi lao maarufu kuliko yote, alilosafiria mwandishi Ken Kesey mwaka 1964, lilitengenezwa mwaka ule ule wa 1939. Watu hukumbuka rangi zake za vurugu. Mimi namkumbuka zaidi yule aliyemuuzia, kwani ndiye aliyekuwa ameshalijengea vitanda kwa ajili ya familia yake.

Jaribio la kweli ni barabara. Lami ya kwenda Kondoa, kwenye ile njia kuu ya kaskazini inayokwenda Babati hadi Arusha, ni laini mno kwa kazi hii, lazima uiache. Kolo, penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kuna njia ya kupanda vilimani yenye mawe na mawimbi ya vumbi, na huko ndiko seremala wangu alikotaka gari lipelekwe. Aliposhuka hakutazama mandhari. Alifungua kila mlango, akasukuma kila kabati kwa bega, akapiga chaki kila palipotoa sauti. Skurubu mbili za bawaba zilikuwa zimejitokeza. Bomba la gesi lilikuwa limeanza kusugua kibanio chake. Droo ya vyombo ilikuwa imefunguka yenyewe, vikombe chini. Alirudi nayo karakana, akaichongea mtaro mdogo kwenye reli, ili uinyanyue kidogo kabla ya kuivuta, na bila kunyanyuliwa isitoke. Kisha akamwomba mwenye gari ampeleke tena njia ile ile, safari hii tangi la maji likiwa limejaa.