Filamu ya Kisasi ya Kikorea: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Watazamaji wetu wana kanuni ya zamani: stelingi hafi. Adui atampiga, atamfunga, atamwulia ndugu, lakini mwisho stelingi atasimama na adui atalala chini, nasi tutaondoka tumeridhika. Filamu za kisasi zilizotoka Korea Kusini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinaifuata kanuni hiyo nusu tu. Mara nyingi stelingi hafi, ila hashindi. Na kwa kuwa nyingi zina damu, wengi hudhani iliyomwaga damu zaidi ndiyo kali zaidi. Damu haipimi chochote. Swali la kuuliza ni moja: kisasi kimemgharimu nini anayekilipiza? Vipimo vifuatavyo vinatokana na swali hilo.

Angalia kosa la mwanzo

Katika filamu dhaifu, kosa la mwanzo ni kisingizio cha kuanzisha ngumi. Katika filamu bora, unaona jinsi mtu wa kawaida alivyofika pabaya. Sympathy for Mr. Vengeance (2002) ya Park Chan-wook ni mfano mzuri. Ryu, kijana kiziwi asiyesema, amefukuzwa kazi kiwandani huku dada yake akihitaji figo. Wauza viungo wanamtapeli pesa zake na kuondoka na figo yake pia. Anamteka binti wa tajiri mmoja bila nia ya kumdhuru, lakini mtoto anazama mtoni wakati Ryu yuko pale pale akimzika dada yake, asisikie kilio. Baba wa mtoto, anayeigizwa na Song Kang-ho, anafahamu kwamba kijana huyu si mtu mbaya, na bado anamwua. Unamwelewa kila mmoja, na kuelewa huko hakumwokoi yeyote.

Ipo njia ya pili, iliyo ngumu zaidi: adui asiye na sababu wala majuto. Hapo mzigo wote wa filamu unamwangukia stelingi.

Hesabu gharama

Njia hiyo ya pili ndiyo aliyoichagua mwongozaji Kim Jee-woon katika I Saw the Devil (2010). Kim Soo-hyun, afisa wa usalama wa taifa anayeigizwa na Lee Byung-hun, anauliwa mchumba wake usiku wa theluji, gari lake likiwa limepata pancha barabarani. Muuaji ni Jang Kyung-chul, dereva wa basi dogo la wanafunzi, naye anapatikana mapema. Filamu ya kawaida ingeishia hapo. Soo-hyun anampiga mpaka anazimia, anamsukumia kooni kifaa kidogo kinachoonyesha alipo na kunasa sauti, kisha anamwachia aende zake. Anamfuata, anamkamata, anamwumiza, anamwachia tena.

Hapo jitazame mwenyewe. Mara ya kwanza muuaji anapoachiwa, unafurahia mateso yanayomsubiri. Anapoachiwa tena, unaanza kuhofia usalama wa watu atakaokutana nao njiani, kwa sababu kila anapoachiwa kuna mtu asiye na hatia anayewekwa hatarini. Siku muuaji anapogundua kilichomo tumboni mwake, kisasi kinahamia nyumbani kwa baba wa marehemu. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwisho, Soo-hyun anatembea barabarani peke yake akilia, baada ya kufanya kila alichoapa kufanya. Alichokitaka hasa, yaani kumwona adui akijuta, hakukipata.

Filamu inayokugeuza hivi, kutoka kushangilia hadi kuogopa matokeo ya shangwe zako, imepita mtihani mkuu.

Tazama kinachofichwa

Mwongozaji hodari anajua wakati wa kuiondoa kamera. Katika Lady Vengeance (2005), ya Park pia, wazazi wa watoto waliouawa wanakusanywa katika shule iliyoachwa, wanaamua pamoja hatima ya muuaji, kisha wanasubiri zamu zao wamekaa kwenye viti, wamevaa makoti ya mvua ya plastiki. Tunasikia yanayotokea ndani, lakini kwa sehemu kubwa tunachokiona ni nyuso za wanaongoja. Onyesho hilo linatisha kuliko kisu chochote, kwa maana linatuonyesha watu wa heshima wakijizoeza jambo wasilopaswa kulizoea.

Hapa I Saw the Devil inapungukiwa. Inaonyesha mengi mno. Bodi ya uainishaji ya Korea ililazimisha ipunguzwe kabla ya kuingia kwenye majumba ya sinema. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba wanawake wake karibu wote ni miili ya kuumizwa, hawapewi nafasi ya kuwa watu. Lady Vengeance ilikuwa imeshaonyesha, miaka mitano kabla, kwamba mwanamke anaweza kukibeba kisasi chote, pamoja na hatia yake.

Chunguza mkono wa fundi

Pigano la kwenye korido katika Oldboy (2003) linasifiwa kila mahali, na linastahili. Oh Dae-su, aliyefungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa sababu, anapambana na kundi zima akiwa na nyundo, na kamera inamfuata kutoka ubavuni bila picha kukatwa. Lakini usilisifu kwa ufundi wa kamera peke yake. Kwa kuwa picha haikatwi, unaona watu wakichoka: wanahema, wanakosa shabaha, wanayumba. Ufundi umetumika kusema kwamba kupigana kunamla hata anayeshinda.

Upime uigizaji vivyo hivyo. Choi Min-sik ndiye mfungwa wa Oldboy, ndiye mwalimu aliyewaua watoto katika Lady Vengeance, na ndiye muuaji wa I Saw the Devil. Zitazame tatu hizo kwa kufuatana, uone jinsi anavyobadilisha mwendo, pumzi na macho. Kwa hiyo tafuta nakala yenye sauti asilia na maandishi ya tafsiri. Msimuliaji anayetafsiri akizungumza juu ya picha, kimya cha mwigizaji kinapotea, na katika filamu hizi kimya kina kazi kubwa.

Irudie

Siri ya mwisho isiyo na mizizi hufa ukishaijua. Ya Oldboy haifi. Ukiitazama mara ya pili utagundua kwamba swali la kujiuliza lilikuwa kwa nini Dae-su aliachiliwa, na kwamba majibu yalikuwa mbele ya macho yako tangu mwanzo. Filamu hiyo ilipata Grand Prix ya Cannes mwaka 2004, na heshima yake haijapungua.

Hukumu yangu ni hii: Oldboy ina hadithi iliyosukwa vizuri kuliko zote, I Saw the Devil inalipa gharama ya kisasi kwa ukali kuliko zote, lakini Lady Vengeance ndiyo kamili zaidi. Anza na Oldboy, kisha Lady Vengeance, na I Saw the Devil iwe ya mwisho, ukiwa umeshajua unachokitafuta. Zote ni za watu wazima. Watoto wasiwepo sebuleni.