Kinanda, taarab, singeli: nani huupa muziki wetu majina?

Mwezi uliopita nilialikwa arusini katika mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Kadi ilikuwa na maandishi ya rangi ya dhahabu: 'Usiku wa Tarabu'. Kwa mtu wa umri wangu maneno hayo yana ahadi ndani yake. Nilitarajia udi, fidla, kanuni, na mwimbaji aliyeketi kitini akiyatoa maneno taratibu. Nilichokikuta uwanjani ni kijana mmoja, kinanda cha umeme, kipakatalishi, na spika mbili zinazonishinda urefu. Mapigo yalipoanza yalikuwa ya kasi hata nikadhani mashine imeharibika. Vijana, wao, walijua la kufanya. Vumbi likatimka.

Mpigaji alipopumzika nilimsogelea nikamuuliza ule ni muziki gani. Akanijibu kwa adabu: "Hii ni singeli, mwalimu. Lakini kwenye kadi twaandika tarabu, wazee wasije wakakataa."

Baadaye nilimsindikiza shangazi yangu, ambaye amepita miaka themanini, vichochoroni hadi kwake. Njiani nilimuuliza tarabu ameionaje. Akasimama, akaushika ukuta, akasema: "Mwanangu, hiyi si tarabu. Hiki ni kinanda tu."

Basi usiku mmoja umenipa majina matatu. Kadi imesema tarabu, mpigaji kasema singeli, shangazi kasema kinanda. Msomaji asifikiri kuwa mmoja amesema kweli na wawili wamekosea. Kila mmoja alikuwa na jambo la kulinda. Kadi ililinda idhini ya wazee, mpigaji alilinda kazi yake, shangazi alilinda heshima ya neno analolipenda. Jina la muziki hufanya kazi kama pasi ya kusafiria. Huamua nani apite mlangoni na nani asimamishwe. Na katika Kiswahili, kama nitakavyoonyesha, heshima ya pasi hiyo mara nyingi hutegemea lugha iliyoandikiwa.

Hebu tuanze na neno la shangazi, maana ndilo lililonifanya nicheke, kisha nikanyamaza. Yeye alilitumia kudharau: kinanda ni mashine, kitu kisicho na pumzi. Lakini mwishoni mwa karne ya 19, hapo hapo Lamu, kinanda lilikuwa jina la sifa. Lilitaja ala ya nyuzi, gambusi au kibangala kama wengine walivyoiita, iliyochongwa kwa mti na kuwambwa ngozi. Likataja pia nyimbo zilizoimbwa kwa ala hiyo na baraza ya watu waliokusanyika kuzisikiliza. Muhamadi Kijuma, bingwa wa Lamu ambaye wanafunzi wetu humjua zaidi kama mshairi na mwandishi wa miswada, alikuwa pia mchonga mbao na mpigaji muziki. Mtu wa hadhi yake hakuona haya kushika kinanda.

Kisha ala zikaanza kuteremka melini. Ikaja harmonia, likaja piano, ikaja santuri. Wazee wetu hawakuhangaika kutafuta majina mapya. Zote wakaziita kinanda. Kamusi za wakati wa ukoloni zinatuonyesha neno hilo likipanuka hivyo, kutoka ala ya nyuzi hadi karibu kila chombo cha muziki kilichotoka Ulaya. Leo limefika kwenye kibodi ya umeme. Mpangaji amebadilika mara nne au tano, jina la nyumba ni lile lile.

Si majina yote yanayopata bahati hiyo. Gungu, ngoma ambayo katika kisa cha Fumo Liyongo huko Pate ilichezwa ili kelele zake zifunike sauti ya tupa inayokata minyororo, limebaki vitabuni. Lilifungamana mno na mchezo wake, mchezo ulipokoma nalo likalala. Kinanda lilinusurika kwa sababu lilikubali kuhama.

Sasa tuje kwa tarabu. Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo halitaji ala wala mchezo. Linataja hali inayompata msikilizaji: ile raha inayozidi kipimo, moyo ukatekwa. Historia inayosimuliwa sana huanzia Unguja, kwa Sultani Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 na kupenda muziki wa Misri katika kasri lake. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai. Watu wa Lamu husikia historia hiyo wakatabasamu, kwa kuwa kwao kuimba mashairi ya Kiswahili kwa ala ya nyuzi hakukungoja kasri. Sitaki kuamua kesi hiyo leo. Ninalotaka msomaji alione ni kwamba jina la kasri lilipofika, lilimeza jina la baraza. Kinanda cha Lamu nacho kikaanza kuitwa tarabu.

Na baada ya kumeza, jina hilo lilinyumbuka kweli kweli. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alikuwa ameshauvalisha muziki huo Kiswahili cha mitaani na mambo ya watu wa kawaida. Pwani ya Kenya Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939, aliulea udi. Marehemu Juma Bhalo alileta lahani za Kihindi. Zuhura Swaleh akaingiza mapigo ya chakacha, ngoma ya wanawake ya arusini. Watatu hawa unaweza kuwatofautisha hata ukiwa usingizini, lakini wote tunawaita waimbaji wa tarabu, na hakuna anayelalamika. Kwa hiyo kauli ya "hiyi si tarabu" si ya shangazi peke yake. Karibu kila kizazi kimewahi kuitoa kuhusu kizazi kilichofuata.

Kwa nini basi malalamiko yalizidi tangu miaka ya 1990? Vinanda vya umeme viliingia kwa wingi, vikundi vikapungua watu, nyimbo zikarefuka na kuwa za kuchezwa. Vijembe vikawa wazi zaidi. Hapo ndipo tulipopata mipasho, rusha roho, na hatimaye 'modern taarab'. Majina haya matatu hayalingani ubora, na kazi ya mhakiki ni kusema hivyo.

Nianze na lililo dhaifu. 'Modern taarab' limeshinda sokoni. Lilibebwa hata na jina rasmi la kundi la Jahazi Modern Taarab, lililoanzishwa 2006. Lakini tazama lilivyojengwa. Sarufi yetu huweka kivumishi baada ya nomino, na hapa kivumishi kimetangulia. Muundo wenyewe ni wa Kiingereza, neno la Kiarabu limepewa nafasi ya pili, na Kiswahili hakimo kabisa. Isitoshe, jina lenye kivumishi cha wakati huanza kuchakaa siku linapozaliwa. Nyimbo zilizokuwa za kisasa mwaka 2006 leo zinaombwa na akina mama kama kumbukumbu za ujana wao. Je, tuziite taarab za kisasa za zamani?

Baya zaidi, jina hilo lilizaa pacha wake, 'taarab asilia'. Lilikuwa halihitajiki hapo awali, kama vile 'simu ya mezani' lilivyokuwa halihitajiki kabla ya simu ya mkononi. Zamani simu ilikuwa simu tu. Tofauti ni kwamba 'simu ya mezani' linasema kweli, ilhali 'asilia' linatuhadaa. Fidla imetoka Ulaya, kodiani imetoka Ulaya, udi na kanuni zimetoka nchi za Kiarabu, lahani nyingine zimetoka kwenye filamu za Kihindi. Muziki uliokusanya bandari nzima ndani yake hauwezi kuitwa asilia kwa sababu tu babu zetu waliusikia kabla yetu.

Rusha roho ni jambo jingine, na hapa naomba wasomaji wanaolidharau wanivumilie. Ni kitenzi na nomino, vyote vya matumizi yetu ya kila siku. Hutaja linalompata msikilizaji: roho inamruka, kwa furaha ikiwa wimbo ni wake, kwa wivu na wahaka ikiwa wimbo ni wa mke mwenzake. Sasa rudi kwenye maana ya tarabu. Hali inayompata msikilizaji, moyo unapotekwa! Kusema kweli, rusha roho ndilo jaribio zuri zaidi ninalolijua la kulieleza neno tarabu kwa Kiswahili. Halikutungwa na kamati wala na profesa. Lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa uwanjani, na waliolibeba zaidi ni wanawake.

Jamani, mbona basi moja ni jina la heshima na jingine ni la kuinamisha vichwa? Wapo watakaosema ni kwa sababu ya vijembe. Lakini tarabu ya zamani nayo ilijaa vijembe, tena vikali, vilivyofichwa ndani ya mafumbo. Mimi nashuku kwamba tunaiheshimu hali hiyo inapotajwa kwa Kiarabu cha kasri, na tunaionea haya inapotajwa kwa Kiswahili cha wanawake wa mtaani. Ikiwa ni hivyo, ugonjwa hauko kwenye muziki.

Jambo hilo hilo limetokea Dar es Salaam kwa vijana. Miaka ya 1990 mitaa ya uswahilini ilikuwa na mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio, ngoma na vipaza sauti vinavyokoroma. Kundi la Jagwa ni miongoni mwa waliovuma. Jina lake la pili ni mnanda, na sikio la Mlamu haliwezi kulipita neno hilo bila kusikia ndugu yake kinanda. Mchiriku ulihusishwa na uhuni. Muziki ulipoongezwa kasi na kuhamia ndani ya kompyuta, ukavuma kwa jina jipya la singeli. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kucheza mapigo yanayopita mia mbili kwa dakika. Jina singeli likapita mahali ambapo mchiriku ulikuwa ukizuiwa.

Wala hili si letu peke yetu. Muziki wa 'house' huhusishwa na klabu ya Warehouse ya Chicago, iliyofunguliwa 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa akipiga sahani. Yaani jengo limeupa muziki jina, kama ala ilivyofanya Lamu. Uingereza, katikati ya miaka ya 1990, muziki wa 'jungle' ulianza kuitwa 'drum and bass', na wengi waliona kwamba jina jipya lilikuwa limeoshwa ili liwaache nyuma vijana weusi wa mitaani walioubeba. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Detroit. Mwaka 1988 watu wa Uingereza walitayarisha santuri ya muziki wa vijana wa mji huo, nayo ilikuwa karibu kuitwa sauti ya 'house' ya Detroit, kana kwamba Detroit ni tawi la Chicago. Kwa sababu ya wimbo wa Juan Atkins uliokuwa na neno 'techno' katika jina lake, na vijana wenyewe kushikilia neno hilo, jina la santuri likabadilishwa. Hadi leo dunia nzima husema techno. Wenye muziki walisema jina lao kabla mchapishaji hajafunga jalada.

Sisi Lamu jalada letu linafungwa polepole, tena mbele ya macho yetu. Katika matamasha na katika vitabu vya shule nasikia vugo, kirumbizi na goma vikitajwa kwa mkupuo mmoja: 'ngoma za kitamaduni'. Lakini vugo ni pembe ya nyati inayogongwa na wanawake, na ngoma ikachukua jina la pembe hiyo. Kirumbizi ni mchezo wa wanaume wa fimbo. Goma ni ukubwa wa neno ngoma, ngoma ya wanaume wanaojipanga safu kwa mwendo wa fahari, na ukubwa huo una maana yake. Mtoto akilelewa na 'ngoma za kitamaduni' peke yake, atakuwa amepoteza pembe, fimbo na fahari kwa pamoja.

Kwa hiyo ombi langu kwa watunga kamusi na walimu wenzangu ni dogo. Tuyaandike majina kama wanavyoyasema wanaopiga na wanaocheza, tuonyeshe yalipotoka na yalipohamia, na mchiriku tuupe nafasi ile ile tunayoipa tarabu. Nao vijana wa vinanda wasilazimike kuazima jina la wazee ili waruhusiwe kupiga.

Asubuhi baada ya arusi nilirudi kwa shangazi, nikamweleza haya yote: gambusi, harmonia, santuri, mnanda. Nikamwambia neno alilolitumia kukebehi ndilo nyanya yake angelitumia kusifu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanimiminia kahawa, akasema: "Basi kwenye kadi wangaliandika kinanda."