Sura ya 32

Nikiri: kila nilipoisoma *Moby-Dick* (1851), niliiruka sura ya 32. Ishmael anawapanga nyangumi kama vitabu, wakubwa hadi wadogo, kisha anaiacha kazi bila kuimaliza. Niliiona porojo tu.

Agosti tulikwenda Watamu kifamilia, tukapanda boti kutazama nyangumi wanaokuja kila mwaka kutoka bahari za Antaktika. Baba haoni vizuri tena, glakoma. Mgongo ulipoibuka, akanishika mkono: "Nieleze, mwanangu."

Mkubwa, mweusi, kama... Nikakwama. Ukazama. Mimi, mwanafunzi wa fasihi!

Usiku nikaisoma sura ile yote. Ni mtu aliyekwama kama mimi, ila hakunyamaza. Na alama ya kwanza anayomtambulia nyangumi ni pumzi anayoirusha juu. Baba, asiyeijua riwaya hiyo, alikuwa ameshasema botini: "Basi, usihangaike. Nimemsikia akipumua."