Shule ya Vidudu

Binti yangu anayeishi Korogwe ana mtoto wa miaka mitatu na nusu. Hivi karibuni alinipigia simu huku Handeni, akaniamkia, akauliza habari za mahindi, kisha akanyamaza kidogo. Mwanangu huyu akiulizia mahindi kwanza, najua ana jambo. "Baba," akasema, "wewe ndiye mwalimu. Huyu tumpeleke Montessori, au tumwache nyumbani asubiri darasa la awali pale shule ya msingi?" Nikamwambia nitamjibu. Mwalimu mstaafu akiulizwa swali la elimu aghalabu huwa na jibu tayari mdomoni. Mimi sikuwa nalo, na ninaandika haya kwa sababu hiyo.

Zamani tuliziita shule za vidudu. Wengine walisema chekechea, lakini huku kwetu vidudu ndilo jina lililozoeleka, na hakuna aliyeona ubaya wake. Leo nikilitafakari naona lilikuwa linasema kweli kuhusu sisi watu wazima. Kidudu ni kitu cha kutembeatembea chini, usikikanyage tu. Hatukudhani kwamba kinafikiri.

Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu, jina la Maria Montessori nililikuta ubaoni katika somo la historia ya elimu, likiwa limepangwa na ya Pestalozzi na Froebel kama majina ya wachezaji wa mpira. Tulinakili kwamba alikuwa daktari Mwitaliano, kwamba alizaliwa mwaka 1870 na kufariki 1952, na kwamba alisema mtoto hujifunza kwa vitendo. Tulinakili tukiwa tumekaa kimya, mikono juu ya dawati, na katika mtihani nilipata swali lile lote. Hapakuwa na hata kipande kimoja cha mbao cha kutuonyesha mama huyo alimaanisha nini. Basi nikatoka na cheti changu nikiwa nimefaulu Montessori bila kumjua.

Nilikuja kulipia baadaye, au tuseme alilipia mtoto wa mwenzangu. Baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, shule za msingi zilianza kuwa na madarasa ya awali, nami wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu katika shule ya kijijini hapa Handeni. Darasa lile nilimkabidhi mwalimu aliyekuwa akikaribia kustaafu, mtu mpole, ambaye magoti yalikwisha kumshinda. Nilijiambia kwamba kule atapumzika. Chumba sikuwa nacho, kwa hiyo walikaa chini ya mwembe. Kila asubuhi tuliwasikia wakiimba irabu, kisha silabi, kisha kurasa za kitabu cha kwanza, na sauti zao zilikuwa nzuri kiasi kwamba wageni waliofika ofisini walinipongeza.

Mwaka 2003 nilikagua usomaji darasa la tatu. Msichana mmoja, aliyepita chini ya mwembe ule miaka miwili, alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa nikamwuliza hili ni neno gani. Akarudi mwanzo wa ukurasa, akaimba kwa sauti ya chini mpaka alipofika penye kidole changu, akalitaja. Nikahamisha kidole. Akarudi tena mwanzo. Alikuwa ameshika wimbo, na herufi hakuzijua. Nilikuwa na mtihani wa darasa la nne wa kufikiria, na walimu wachache, na nilimwacha aende. Mpaka leo nikisikia watu wakisifu mtindo wa zamani wa kuimbisha, naona kile kidole changu.

Kwa hiyo nilikwenda Korogwe, nikaomba kukaa asubuhi moja katika darasa la Montessori. Njia hii hapa nchini imeshikwa sana na masista wa Kikatoliki, ambao wanavyo vyuo vya kuwafundisha walimu wake, na kimoja kipo jirani yetu, Ubiri, Lushoto. Nilikaa kwenye kigoda kilicho kifupi mno kwa mtu wa umri wangu. Kilichonishangaza kwanza ni kwamba sikuweza kumwona mwalimu. Alikuwa amechutama pembeni na mtoto mmoja. Watoto wa miaka mitatu, minne na mitano walikuwa pamoja, kila mmoja na mkeka wake na kazi yake. Mmoja alipanga mnara wa vipande 10 vya mbao, kikubwa cha sentimita 10 kila upande na kidogo cha sentimita 1. Aliruka kimoja, mnara ukatoka vibaya, akautazama, akaubomoa mwenyewe. Hakuna aliyemwambia "umekosa". Nilifundisha miaka mingi sana nikiamini kwamba kosa ni mali ya mwalimu, aliyeshika kalamu nyekundu.

Mwingine alikuwa na shanga. Ushanga mmoja peke yake ni moja. Kumi zimetungwa kwenye waya. Nyaya kumi zimefanya mraba wa mia. Miraba kumi imefanya mchemraba wa elfu. Mtoto wa miaka mitano alinipa ule mchemraba nishike, akasema, "Elfu nzito, babu." Mimi elfu niliifundisha kwa kuandika sifuri tatu. Kisha nikaona herufi za karatasi ya msasa zilizobandikwa kwenye vibao. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi huku anaitamka, ili mkono na sikio na jicho vijifunze pamoja. Yule msichana wangu wa mwaka 2003 angepewa vibao vile, nadhani wimbo usingeweza kumficha.

Lakini mimi si mtu wa kubebwa na asubuhi moja. Kuna mambo matatu yaliyonikera, na nitayasema.

La kwanza ni ada. Montessori hakuanza na watoto wa matajiri. Alifungua nyumba yake ya watoto Januari 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa watoto hamsini na kitu wa wafanyakazi maskini, ambao wazazi wakienda kazini walibaki wakichafua kuta na ngazi za majengo. Angezaliwa huku kwetu angeanzia kwenye kambi ya mkonge. Leo mtoto wa mkata mkonge anapita nje ya uzio wa darasa lenye jina la mama huyo huku mtoto wa mfanyabiashara akiwa ndani. Na watu wanaosema njia hii haiwezekani pasipo watoto kumi na wawili hawajamsoma. Yeye mwenyewe alipendelea darasa la watoto 30 hata 40 wa umri mchanganyiko, kwa kuwa wakubwa huwafundisha wadogo. Hata hivyo, darasa la awali la serikali lenye watoto mia moja na mwalimu mmoja, wakati kiwango ni 25, haliokolewi na njia yoyote, iwe ya Roma au ya Handeni.

La pili ni jina. Jina la Montessori halina mwenyewe. Yeyote mwenye rangi na ubao anaweza kuliandika getini. Nimeona shule moja, sitaitaja, yenye mnara wa mbao juu kabatini, ukiwa bado kwenye nailoni yake, na chini watoto wanaimba irabu kwa Kiingereza badala ya Kiswahili. Huo ni mwembe wangu uleule, ila una ada. Mtafiti wa Kimarekani Angeline Lillard, aliyechapisha pamoja na mwenzake mwaka 2006 uchunguzi kuhusu watoto wa Milwaukee walioingia shule hizo kwa bahati nasibu, alikuta wanafanya vizuri zaidi katika kutambua herufi na maneno na katika kuishi na wenzao. Mwaka 2012 akaonyesha kwamba faida ilikuwa kubwa pale njia ilipofuatwa kwa ukamilifu, na kwamba ilipochanganywa na mambo mengine ilififia. Mzazi anayelipia ubao wa getini hana habari hiyo.

La tatu nitalisema taratibu, maana hapa nabishana na marehemu mwenyewe. Montessori hakupenda watoto wadogo wasimuliwe hadithi za mambo yasiyokuwapo. Alitaka kwanza waujue ulimwengu ulivyo. Nami nasema la hasha. Mtoto wa Kizigua aliyelala miguuni pa bibi yake akisikia Sungura anavyomlaghai Fisi anajua vizuri kabisa kwamba fisi hasemi. Anachojifunza ni ulaghai ulivyo, na lugha, na kungoja zamu yake ya kuitikia "Pakawa!". Hali kadhalika zile kazi za kumimina maji toka jagi hadi jagi. Mtoto wa mjini anazihitaji. Wa kijijini Handeni, mahali ambapo maji yamekuwa taabu tangu enzi za wazee wetu, ameshika kata tangu ana miaka mitatu na akimwaga tone anajua ameiba nini.

Kuna jambo lilinijia njiani nikirudi, basi lilipopita Segera. Tunazungumza kana kwamba ya jadi ni kuimbishwa kwa pamoja, na ya kigeni ni kila mtoto na kazi yake. Mimi mwenyewe nilisoma chuoni, ile ya Kurani, kabla ya shule. Tulikuwa watoto wa kila umri kwenye mkeka mmoja. Kila mmoja alikuwa na mahali pake katika juzuu, maalimu alituita mmoja mmoja kusomeshwa, na aliyetangulia alimwelekeza aliyechelewa. Bakora ilikuwapo, sikatai, na Montessori asingeivumilia hata siku moja. Lakini ile ya kukariri wote kwa sauti moja, mtu mmoja mbele na safu nyuma, tuliikuta shuleni. Wenzetu wa Mombasa walioanza madrasa za awali miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, mpango uliofika baadaye Zanzibar na Uganda, waliona kwamba msingi upo. Wakaongeza vifaa vya kienyeji na michezo.

Nikampigia binti yangu. Nikamwambia ampeleke pale nilipokaa mimi, siyo pale penye nailoni, mpaka atakapotimiza miaka mitano. Kisha aingie darasa la awali la serikali pamoja na wenzake wa mtaani, ambalo tangu mwaka 2016 halina ada. Na likizo zote aje kwangu, hadithi niachie mimi. Akauliza, "Na yule mwalimu wa awali akiwa ni wa kuimbisha tu, baba?" Sikuwa na la kumjibu haraka.

Wiki hiyo nilikwenda kwa seremala hapa Chanika nikamwagiza vibao, na msasa niliununua duka la vifaa vya ujenzi. Ni kwa ajili ya ile shule yangu ya zamani. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mwenye subira, amekubali tujaribu, na mwalimu wake wa awali amekubali nimwonyeshe nilichokiona. Juzi seremala alinipigia kuuliza kama na "q" aikate. Nikamwambia hiyo na "x" aziache, tunazo 24, zinatutosha.