Maneno Mia ya Jalada la Nyuma

Mnunuzi wa riwaya mjini Thika husoma akiwa amesimama. Mkoba uko begani, matatu ya Ruiru inakaribia kujaa, na nauli imeshatengwa kando. Hutazama mchoro wa mbele, hukigeuza kitabu, husoma maneno ya nyuma, kisha ama hutoa pesa ama hukirudisha rafuni. Mwandishi aliyetoa jasho kwa kurasa mia mbili hana la kufanya hapo. Mzigo wote umebebwa na aya moja au mbili ambazo aliyeziandika kwa kawaida hatajwi popote. Fundi huyo asiye na jina namheshimu kuliko waandishi wengi wa dibaji.

Kitabu teule, kweli, hakimhitaji. Januari wazazi huingia dukani na orodha ya shule, na riwaya iliyomo kwenye orodha ingenunuliwa hata ingefungwa kwa gazeti. Labda ndiyo maana majalada mengi ya riwaya zetu humsemesha mwalimu badala ya msomaji: yanaorodhesha ufisadi, ukabila na nafasi ya mwanamke, yanasifu matumizi ya tamathali, yanamalizia na shahada za mwandishi. Hayo ni majibu ya mtihani. Nani amewahi kukesha kwa ajili ya maudhui?

Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika KCSE hadi 2017. Ukisema inahusu uongozi mbaya hujadanganya, ila umeizima. Sasa sema hivi: kijana aliyeibiwa mswada wake anaajiriwa kuchunga ng'ombe wa mtawala wa Sokomoko, huku akimsaka mwizi kimyakimya; kisha anakuta mtoto mchanga ameachwa mlangoni pa kibanda chake. Uongozi mbaya bado umo, lakini msomaji ataufikia kwa miguu yake mwenyewe. Mwizi ni nani? Mtoto ni wa nani? Jalada linajua, na halisemi.

Kujua pa kunyamaza ndio ufundi wenyewe. Mwandishi wa riwaya mara nyingi haiwezi kazi hii, kwa kuwa wahusika wote ni wanawe na angependa kila mmoja atajwe. Fundi wa jalada humchagua mmoja, au wawili kwa shida, akaonyesha wanachokitaka na kinachowazuia, kisha akaweka nukta kisa kingali kibichi. Mahali napo hupapatia neno moja lenye uzito. Riwaya ikianzia penye maporomoko ya Chania hapa Thika, "mandhari ya kuvutia" tuwaachie wenye hoteli; mimi niambiwe nani alisimama pale alfajiri na alikuwa akimkimbia nani. (Elspeth Huxley alilitia jina la Thika kwenye jalada la mbele la kumbukumbu zake mwaka 1959, likawavuta wasomaji ambao hawajawahi kuukanyaga mji huu.)

Lipo kosa la upande wa pili. Majalada mengine hupiga kelele: riwaya ya kipekee, haijawahi kutokea, hutaiweka chini. Ni makanga anayeita "Wawili twende!" na nusu ya viti ni vitupu; abiria akiingia mara moja akadanganywa, kesho atapita bila kugeuka. Marekani walishayacheka haya mwaka 1907, Gelett Burgess alipokipamba kitabu chake mwenyewe kwa picha ya mwanamke anayekisifu kwa sauti ya juu. Mzaha ule haukumponya mtu.

Kwa hiyo, wachapishaji, msiiache aya hii hadi siku ya mwisho kabla ya kitabu kwenda kiwandani, wala msimtupie yeyote aliye karibu na kompyuta. Mpeni mtu aliyeisoma riwaya hadi ukurasa wa mwisho na akaipenda, mumpe wiki nzima, na mumlipe.