Sauti Tatu za Jojia na Kosa la Kinanda

Mwalimu wa kwaya awasikiapo kwa mara ya kwanza waimbaji wa Jojia, nchi iliyo katika milima ya Kaukazi, huenda akadhani wamepotea njia. Sauti mbili husimama karibu karibu, zikigongana kama zinazogombana, nasi tuliofundishwa kwa do-re-mi twataka kuziamua upesi. Hapo ndipo sikio letu hukosea, wala si koo zao.

Sauti za nyimbo hizo kwa kawaida ni tatu. Moja hulianza neno, ya pili huifuata, na ya chini huitwa bani. Katika jimbo la Kakheti bani huimbwa na watu wote walioketi karamuni, ikivuma kwa noti ndefu, huku wawili wakipokezana wimbo juu yake. Guria mambo ni mengine kabisa: kila sauti yashika njia yake, hata bani haitulii, na mmoja hupaza krimanchuli, sauti ya juu mno inayorukaruka. Wengi wazisifuo nyimbo hizi huzisifu zote kwa neno moja, kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Wala si nyimbo za karamu na za kazi tu. Kanisa la Jojia ni la tangu karne ya 4, na nyimbo zake za asili huimbwa bila kinanda. Ioane Petritsi, mwanafalsafa wa karne ya 11 na ya 12, alizitaja sauti tatu, mzakhr, zhir na bam, ili kueleza fumbo la Utatu. Mfano huo naona washinda mingi tuitumiayo darasani. Maana sauti hazifanani, na ukiiondoa moja wimbo haupo tena.

Mwaka 1811 Urusi ililinyang'anya kanisa hilo uhuru wake, na wajuzi wa nyimbo wakazidi kupungua. Katika miaka ya 1880 Filimon Koridze, mwimbaji wa opera, alianza kuziandika kwa noti za Ulaya. Baadaye mtawa Ekvtime Kereselidze alizinakili, na wakati wa utawala wa Kisovieti akayaficha maandiko yale yasiangamizwe. Bila hao tungekuwa maskini. Lakini noti za Ulaya zina hatua zilizokwisha pimwa, na waimbaji wale hawakupima hivyo. Wimbo ukahifadhiwa, nao ukanyoshwa.

Shahidi wa neno hili ni mzee mmoja, Artem Erkomaishvili, aliyezaliwa mwaka 1887. Mwaka 1966, huko Tbilisi, aliimba nyimbo za kanisa karibu 100 mbele ya mashine za kunasa sauti. Wajuzi wa kuimba naye walikuwa wamekwisha kufa. Basi akaimba sauti ya kwanza, akaisikiliza huku akiimba ya pili, kisha akazisikiliza zote mbili na kutia ya tatu. Mwaka uliofuata akafariki. Watafiti waliozipima kanda hizo wameona kwamba hatua zake si za kinanda.

Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza uimbaji huu kuwa hazina ya wanadamu. Heshima hiyo ni haki yake, ila haimfundishi mtu kuimba. Ziko kwaya zinazoziimba nyimbo hizi kwa sauti laini zilizonyoka, nazo hupendeza. Kwangu mimi zimekosa chumvi. Mwalimu atakaye kuwafundisha wanafunzi wake wimbo mmoja wa Jojia, na aanze na kanda za mzee yule, kinanda kikiwa kimefungwa.